Rimu ya Bluu Juu ya Meza ya Fundi

Fundi wetu wa baiskeli hachagui rimu ya gurudumu kwa macho. Huining'iniza kidoleni, huigonga kwa ukucha, hutega sikio, kisha huilaza sakafuni na kuikanyaga kwa uzito wake wote. Jana binti mmoja, wa wale wanaocheza na baiskeli, kuruka nayo na kuzunguka kwa gurudumu moja tu, alimletea rimu nyekundu inayong'aa. "Ni nyepesi sana, fundi." Fundi akaikanyaga, ikapinda kama sahani ya bati. "Nyepesi!" akafoka. "Wewe unatua kwa gurudumu moja, uzito wote hapo hapo, halafu mtu mzima na akili zake anakuuzia pambo? Hana hata haya?" Akamwonyesha rimu zilizopinda ukutani, na kwa kila moja akamlaani aliyeiuza. Binti akauliza, na ile ya bluu, iliyotundikwa peke yake juu ya meza ya kazi? Fundi akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Hiyo nilimchagulia mdogo wangu mimi mwenyewe. Niliipendea rangi. Mpaka leo anachechemea." Kisha akashusha rimu nzito yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, akaikanyaga mara tatu, akasogea pembeni. "Haya, kanyaga na wewe. Usiniamini mimi."