Kaburi la Mguu wa Baba

Mguu wa baba niliubeba mimi mwenyewe kutoka Mbeya mpaka Idodi, ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la mafuta ya taa, umefungwa kwa shuka la hospitali na kuzungushiwa chumvi. Utingo wa lori aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nyama. Akauliza kama nauza, nikamtupia jicho ambalo naamini hajalisahau mpaka leo, kama yu hai.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwezi wa sita, wakati baridi ya kwetu inapouma mifupa. Baba alikuwa kibarua wa serikali kwenye genge la barabara ya Makongolosi, kule Chunya. Lori la mawe lilirudi nyuma mteremkoni, likamsaga mguu wa kulia, na daktari wa Mbeya akaukata juu ya goti. Alipozinduka, baba hakuuliza atatembeaje. Aliuliza mguu uko wapi, na nani ataupeleka kwa mama yake. Mama yangu alikwisha fariki, ndugu sina, na nyumbani Ilomba, mjini Mbeya, tuliishi wawili tu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikamwambia kuna mazishi nyumbani. Sikudanganya.

Safari ile tulilala Makambako, sanduku nimeliweka chini kwenye saruji, karibu na kitanda. Niliporudi hospitalini baada ya wiki, kabla sijasema lolote, baba alinilaumu. "Mlilala mahali pa baridi sana," akasema. "Mbona uliniweka chini? Vidole viliniuma mpaka asubuhi." Sikuwa nimemweleza mtu yeyote habari za Makambako. Nikamwambia ni homa. Enzi zile nilikuwa na jibu la kila kitu.

Lakini nirudi Idodi. Bibi, mama yake baba, alilipokea sanduku uani bila kunisalimia. Habari zilinitangulia kwa madereva, na kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa, tena lilikuwa refu, kaburi la mtu mzima. Nikauliza, yote hayo kwa mguu? Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, kama mtu anayezima kibatari. Halafu akanivuta ndani akanieleza kwa Kihehe, kwa sauti ya chini, kwamba kifo kimekwisha mwonja mwanawe. Kikikuta tumekipa mguu peke yake, kitarudi kuchukua sehemu iliyobaki. Lazima kipewe mtu mzima, kiridhike, kiende zake.

Akakata mgomba kule kwenye kijito. Akaupima kwa kamba, maana urefu wa mwanawe aliujua kwa kichwa. Akaufunga sanda, akaubana kwa kamba mahali pa shingo na mahali pa kiuno, na ule mguu akauweka mahali pake, chini upande wa kulia. Alipomaliza, kile kilicholala pale mkekani kilikuwa mtu. Nilijua ni mgomba, nilikuwa nimeona majani yake yakikatwa, na bado sikuthubutu kukipa mgongo. Nililia pamoja na wanawake wengine, nikalia kweli.

Msiba ulikaa siku tatu, na kwa siku hizo zote bibi alikataza neno mguu lisitamkwe pale uani. Siku ya mwisho akaja jumbe wa serikali kutoka ng'ambo ya mto, na daftari lake la kodi kwapani. Akakuta kaburi refu, mama mtu amenyoa kichwa kwa msiba. Akauliza nani, akatajiwa jina la baba. Alikuwa mtu wa huruma. Akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina, ili wafiwa wasije wakasumbuliwa kodi ya marehemu. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilimwona akiandika, nikadhani anaandika rambirambi, nikageukia sufuria. Kosa hilo ni langu, na nimelibeba muda mrefu kuliko lile sanduku. Bibi alikusudia kukidanganya kifo. Aliyedanganyika ni serikali.

Baba akatoka hospitalini na magongo mawili, akapeleka maombi ya fidia. Wakati tunasubiri jibu nikaanza kuzoea mambo ambayo hayazoeleki. Kila asubuhi, chai ikiwa mkononi, alitabasamu kama mtu anayetekenywa. "Mama anafagia," alisema. Kweli bibi alikuwa akifagia kaburi lile kila kukicha, nilishuhudia mwenyewe nilipokuwa kule. Siku nyingine alisema, "Idodi kumenyesha, nimelowa," na baada ya siku chache dereva anayetoka Iringa alituambia ndiyo, kulinyesha, mvua ya ajabu kabisa si wakati wake. Niliogopa, lakini nilimwonea wivu pia. Mimi nilikuwa na baba tu. Yeye alikuwa na mama yake kila asubuhi, maili zote zile.

Jibu likaja mwezi wa tisa. Tuliitwa ofisini, tukasimama mbele ya karani aliyevaa tai. Akasoma kwamba madai yamekataliwa, kwa sababu mdai amefariki na kuzikwa kwao Idodi, kwa ushahidi wa daftari la kodi. Baba akasema, "Mimi ndiye, bwana." Karani akamtazama baba, akaitazama karatasi, akaiamini karatasi. Akatuonya kwamba kutumia jina la marehemu ni kesi.

Nilitoka pale na hasira. Baba hakuwa na mguu, hakuwa na kazi, na sasa hakuwa na jina. Jioni ile ile nikaandika rufaa: "Mimi ninayeandika ni binti wa mtu mnayesema amekufa. Amekaa hapa mbele yangu anamenya viazi, na anamenya vibaya." Sentensi ya mwisho niliifuta nilipoandika upya kwa usafi. Niliandika barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Bwana Shauri wa Iringa, mkuu wa wilaya, atapita Idodi kabla ya mvua. Mdai afike mwenyewe, na kaburi lifunguliwe mbele yake. Likiwa na mtu ndani, huyo anayejiita mdai atakamatwa.

Tulifika Idodi siku moja kabla. Kila tuliyekutana naye njiani alinisalimia mimi. "Kamwene," wakasema, na macho yao yakapita juu ya bega la baba kama vile magongo yale yanatembea yenyewe. Mbwa hawakumbwekea. Uani kwa bibi jirani alileta ugali na mlenda, akanawisha mikono watu wote, mmoja baada ya mwingine, akamruka baba. Nilimnyang'anya birika nikamnawisha mwenyewe. Nilielewa kwamba hawakuwa na chuki naye hata kidogo. Walikuwa wamemzika, wakamlilia, na hawakujua tena wamfanyeje.

Bibi peke yake ndiye aliyemshika. Alimpapasa uso, masikio, mabega, akashuka mpaka pale mguu unapokwisha, akaondoa mkono.

"Mama, tuache," baba akasema. "Nitatafuta kazi ya ulinzi. Tusilifungue."

Bibi alinigeukia mimi. "Wewe uliyesoma. Bila hiyo karatasi yao, mwanangu ni nani huko Mbeya?"

Ningeweza kumficha. Sikumficha. "Si mtu, bibi. Ni mwongo anayetembea na jina la marehemu."

"Basi fungueni," akasema. "Lakini nitakuwa nimejitangaza mwenyewe kwamba nilidanganya. Na niliyemdanganya si hawa wenye kofia."

Kesho yake asubuhi Bwana Shauri akaja na karani, askari mmoja na jumbe. Wanaume wakachimba. Udongo wa kule ni mkavu, haukuwa umeharibu mbao wala sanda. Wakaondoa mbao, na sisi sote tukachungulia.

Alikuwemo mtu. Sijui niandike vinginevyo vipi. Sanda ilikuwa imenywea, lakini kichwa kilikuwepo, shingo ilikuwepo, kiuno kilikuwepo, amekonda kama mgonjwa wa muda mrefu. Bwana Shauri akavua kofia. Karani akanitazama mimi, si kwa ubaya, kwa masikitiko.

"Nani huyu?" Bwana Shauri akauliza.

Walikuwa wamesimama pale watu arobaini, wote wanajua, na hata mmoja hakufungua mdomo, maana lile neno lilikuwa limekatazwa. Jumbe akatamka jina la baba, akaonyesha kaburini. "Ndiye huyu. Nilimwandika mwenyewe." Nikapiga kelele kwamba ni mgomba, ni mgomba tu, nikasikia sauti yangu ilivyo ya kipumbavu. Askari akasogea karibu na baba. Na baba, Mungu anisamehe kwa kuyasema haya, baba hakuwa akimtazama askari. Alikuwa anachungulia shimoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeanza kukubali.

Hapo bibi akashuka kaburini. Hakuna aliyemsaidia. Akapiga magoti kando ya yule mtu, akafungua kamba ya shingo, akafungua kamba ya kiuno, akaipasua sanda kuanzia juu. Ndani mlikuwa na nyuzi kavu za mgomba, rangi ya tumbaku, na harufu ya shamba. Kisha akaufungua ule upande wa kulia, akauinua mfupa na bandeji yake ya hospitali, umekatwa kwa msumeno, sawasawa.

"Mguu," akasema.

Wanawake wakaguna wote kwa pamoja.

"Ni mguu! Mguu wa mwanangu! Huyo mwingine ni mgomba, nilimtengeneza mimi, kwa mikono yangu hii!" Alisema kwa sauti kubwa mno kuliko ilivyohitajika kwa watu waliokuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa natafsiri kwa ajili ya Bwana Shauri, na nikatambua kwamba bibi hasemi naye, wala nasi. Alikuwa ameinua uso na kuugeuza upande wa pori, ambako hapakuwa na mtu.

Bwana Shauri akaugusa mfupa kwa ncha ya fimbo yake, akatikisa kichwa, akamwambia karani aandike. Mgomba bibi akakataa usirudishwe. Akaulaza mguu mahali pake pale pale, akausitiri kwa kitambaa, akabaki amesimama ndani, anaitazama ile nafasi iliyobaki. Akaipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. "Panatosha," akasema, akanyoosha mkono tumtoe.

Rufaa tukashinda. Karatasi ya kwanza aliyotumiwa baba baada ya kufufuka ilikuwa ya kudaiwa kodi, tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Fidia nayo ikaja, akanunua cherehani ya mkono, akawa fundi mzuri wa suruali. Watu wa Idodi waliopita Mbeya wakawa wanamsalimia tena, kwanza kwa kujilazimisha, baadaye bila kufikiri.

Ila asubuhi alikaa na chai yake akisubiri, na kutabasamu hakutabasamu. Siku moja nikamwuliza, "Bibi anafagia?"

"Sijui," akasema. "Tangu siku ile umekuwa baridi tu. Sisikii kitu." Mvua zilipoanza, alikuwa akinituma nje nitazame mawingu ya upande wa Iringa, kama mtu mwingine yeyote. "Walikuwa wamenikata," aliniambia, "lakini sikuwa nimeukosa. Sasa ndiyo sina mguu." Nikajuta barua zangu tatu. Kisha nikaangalia cherehani, nikaangalia jina lake lililopigwa chapa kwenye ile karatasi, nikajua kwamba ningeziandika tena. Mambo hayo mawili sijaweza kuyapatanisha hata leo.

Baridi ikarudi, mwezi wa sita tena. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani, mikono ameiweka pale mguu ulipokuwa, hewani.

"Umepata joto," akasema.

"Mguu?"

"Kuna mtu kaulalia." Alisema taratibu sana, na machozi yakawa yanamtoka bila uso wake kubadilika. "Niletee wembe, mama."

Nilikataa. Nikamwambia ni damu, ni kwa sababu ya kukaa sana kwenye cherehani. Majibu yangu yote yalikuwa bado ninayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaomba wembe mara ya pili. Basi nikachemsha maji, nikamketisha nje juani, nikamnyoa kichwa chote.

Siku ya nne dereva mmoja wa lori alipita na barua kutoka misheni ya Idodi. Alikuwa mtu wa kwetu, anajua kilichomo, na alikuwa ameificha mfukoni akizungumzia bei ya viazi, hajui aanzie wapi. Barua ilikuwa inasema kwamba bibi amefariki, na kwamba kama alivyoagiza amezikwa katika kaburi lile lile, pamoja na kilichokuwemo. Baba alimwacha azungumze viazi kidogo. Kisha akavua kofia, akamwonyesha kichwa kilichonyolewa.