Mtu wa Kulala Chini ya Kitanda

Nilifika Kisangani katikati ya vita nikiwa na vitu viwili vya kujivunia: sanduku la spana na kadi ya bima. Spana zilikuwa za kazi, maana mimi ni fundi wa pampu za maji, na shirika moja la misaada lilinitoa Tanga kwa sababu, walisema, ninajua Kiswahili. Hapo walijidanganya. Watu wa Kisangani walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaulizana kwa Kilingala nimesema nini.

Kadi ndiyo iliyonipa kichwa kikubwa. Ilikuwa ngumu, inang'aa, na iliandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye nayo atatibiwa popote duniani, na akizidiwa ndege itakuja kumchukua. Popote duniani! Nyumbani Tanga bima yangu ilikuwa mjomba aliyejuana na mpishi wa hospitali. Sasa nilikuwa mtu wa kufuatwa na ndege.

Nilipanga chumba Makiso, nyuma ya duka la mama mmoja kutoka Butembo aliyeuza sabuni na mafuta kwa jumla. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, lakini mwanamke mwenye duka Kisangani ni mama wa kila mtu, hata wa wazee. Mwezi wangu wa kwanza aliniita dukani.

"Papa, weye iko mugeni. Ingia mu mutuelle yetu."

Mutuelle kilikuwa chama cha wauza duka wa barabara ile. Mwanachama akiugua, wenzake wanapeana zamu: huyu anapika, yule anachota maji, mwingine analala kando ya mgonjwa. Nilimshukuru nikamwambia sihitaji, nina bima. Nikamwonyesha kadi. Aliigeuza huku na huku.

"Hii iko na mikono?"

"Mama, hii ni bima."

"Nimesikia. Iko na mikono?"

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nafafanua. Nilileta kijitabu chote cha masharti nikamsomea kwa sauti, nikitafsiri, mpaka wateja wawili wakaondoka bila kununua. Mama alipiga mwayo.

"Bon," akasema. "Ukigonjwa tutaona."

Tuliona mapema kuliko nilivyopanga. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya pampu, upande wa Tshopo, tumbo likanikata chini kulia hata spana ikaniponyoka. Nilitapika kwenye kisima nilichokuwa nimetoka kukitia dawa. Mkuu wangu alikuwa Kampala kwenye mikutano, na wenzangu wa ofisini walikuwa wamehamishwa wiki ile kwa sababu ya usalama. Mimi niliachiwa mji, gari bovu na simu ya setilaiti, dude zito ambalo ilibidi ulielekeze mbinguni kama unayeomba mvua. Nililielekeza, nikapiga namba ya nyuma ya kadi.

Alipokea mwanamke mwenye sauti nzuri ya Kiingereza, aliyekuwa Ulaya mahali fulani.

"Kwanza kabisa," akasema, "je, uko mahali salama?"

"Niko Kisangani."

Nilimsikia akifunua ramani. Akaniuliza kama naweza kwenda kwa gari mpaka mji mkuu, maana anaiona njia, tena pana kweli, imechorwa kwa buluu.

"Huo ni mto," nikamwambia.

"Samahani. Na uwanja wa ndege?"

Nilimweleza kwamba uwanja una majeshi ya nchi mbili, na siku hiyo hayasalimiani.

"Yanapigana?"

"Bado. Hayasalimiani tu."

Hapo sauti ikapoa. Akanisomea sharti ambalo mimi, msomaji mkubwa wa kijitabu, nililiruka: madhara yote ya vita hayamo kwenye bima. Akataka kujua kama mimi ni mshiriki wa vita au mtazamaji. Nikamwambia ni fundi wa pampu. Akasema ataliuliza hilo kwa wakubwa wake, na kwamba kwa sasa nisimruhusu daktari yeyote kunigusa mpaka kibali kitoke.

Nilipanda toleka kwenda hospitali. Toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, na barabara za Makiso wakati ule zilikuwa na mashimo yenye mashimo ndani yake. Kwa kila shimo nililaani kitu kimoja, nikianza na shirika na kumalizia na aliyevumbua baiskeli.

Daktari hakungoja kibali. Alinibonyeza tumbo nikaruka.

"Appendicite. Tunapasua leo. Garde-malade yako iko wapi?"

Garde-malade ni yule mtu wa nyumbani anayekuja na mgonjwa, anatandika mkeka chini ya kitanda na hatoki hapo mpaka mgonjwa atoke. Nilimwambia sina, ila nina bima. Nilimnyooshea kadi. Aliisoma yote, akanirudishia kwa heshima.

"Iko muzuri. Mimi napasua, donc, kisha narudi ku nyumba. Nani atakuangalia? Nani atapika bouillie, uji yako? Infirmière ya kuchunga wagonjwa iko mumoja kwa salle mbili. Courant ikikatika, nani atashika taa? Mutu bila garde-malade, sipasui. Nilisha pasua mumoja ile namna. Sitaki tena."

Hilo la mwisho alilisema akitazama ukuta. Ndipo nikaogopa. Maumivu nilikuwa nimeyazoea tangu asubuhi, lakini sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kufa kwa kukosa jamaa, akiwa na kadi mkononi na daktari mbele yake. Mama yangu mzazi alikuwa Tanga. Nililala kwenye benchi la korido nikajaribu kumfikiria mtu hata mmoja katika mji ule ambaye angelala sakafuni kwa ajili yangu. Nilimpata mwendesha toleka tu, naye hata jina langu hakulijua.

Kumbe alikuwa akiniona nikitoka nyuma ya duka la mama, na ni yeye aliyekwenda kuligonga. Mama alifika na mkeka kichwani, mbabula, lile jiko la mkaa, mkono mmoja, sufuria mkono wa pili, na nyuma yake wauza duka wa barabara nzima. Hawakuingia. Walisimama nje ya dirisha la korido wakaanza mkutano, na mimi nikausikia wote.

"Sheria iko sheria," alisema muuza chumvi, mzee mwenye sauti ya kuuzia sokoni. "Mutu anaingia mu mutuelle akiwa muzima. Huyu tulimuita, akakatala. Tukimubeba leo, kesho wagonjwa yote ya Kisangani watakuya!"

Kilichoniuma, ukiacha tumbo, ni kwamba alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa masharti. Ningekuwa upande wa pili wa dirisha ningemuunga mkono, pengine na kijitabu.

"Alors, mutoto yangu akigonjwa," mama akauliza, "mutuelle inakuya ao hapana?"

"Inakuya."

"Bon. Ule iko mutoto yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa."

"Mama, iko na mvi!"

"Watoto ya leo wanateseka sana," mama akasema. Kisha akaingiza kichwa dirishani. "Weye! Niko mama yako ao siko mama yako?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Sijawahi kujibu swali lolote kwa haraka namna ile, na hapo kadi ilikuwa imeanguka chini ya benchi na sikuinama kuiokota.

Walipiga kura nikiwa nasukumwa chumba cha upasuaji. Muuza chumvi alinyoosha mkono wa kukataa peke yake, kisha, nilivyosimuliwa baadaye, akatoa mafuta ya jenereta.

Nilipozinduka nilikuwa mtoto wa watu. Mama alikuwa chini ya kitanda anamenya ndizi za kuponda ziwe lituma, ambayo sikuruhusiwa kuila. Alinikataza kukohoa, kucheka, kugeuka upande wa kushoto, na kuongea na mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sababu ukoo wake aliujua. Alasiri moja risasi zililia ng'ambo ya mto. Wagonjwa waliokuwa na miguu walishuka vitandani. Mama aliuvuta mkeka wake kutoka upande wa ukuta akautandika upande wa dirisha, akakaa kati yangu na kioo, akaendelea kumenya. Nilimpenda kuanzia hapo, na nikashindwa kumwambia.

Sasa, mtu aliyepasuliwa tumbo hali chakula mpaka matumbo yaamke, na dalili ya kuamka ni moja tu. Daktari alipita kila asubuhi akiuliza kitanda kwa kitanda: "Gaz imetoka?" Mimi yangu haikutoka. Mutuelle nzima ilijua. Waliokuja kwa zamu waliuliza mlangoni kabla ya salamu. Muuza chumvi alituma mtu kuuliza. Kwetu jambo hilo mtu hulifanya kwa siri na kulikana hadharani. Hapa lilikuwa habari ya mji.

Mama alinipa uji mwepesi sana wa kulamba, akanikanda mgongo, akasali rozari. Na ndipo simu ikalia.

Ni yule mwanamke wa bima. Wakubwa wamejadili, akasema, na wameniona mtazamaji. Amebakiza maswali machache tu kabla ya kutoa kibali cha kuonana na daktari. Nilimwambia daktari tumekwisha kuonana, tena yeye kaniona mpaka ndani. Akasema niendelee kushika simu. Nikajiinua kidogo kuielekeza dirishani, na katika kule kujiinua, gaz ikatoka.

Haikutoka kinyonge. Mama aliruka kutoka mkekani.

"Imetoka! Jamani, imetoka!"

Akapiga vigelegele. Wa kitanda cha pili, ambaye sikuruhusiwa kuongea naye, akagonga bakuli kwenye chuma cha kitanda. Korido ikaitika, uani wakaitika, mtu akapiga sufuria kwa mwiko, na sauti ya kuuzia sokoni ikasikika kutoka lango kuu ikimshukuru Mungu.

"Nini hicho?" sauti ya simu ikauliza. "Mnashambuliwa?"

"Hapana, hapana. Watu wanafurahi."

"Wanafurahia nini?"

Nilikuwa na Kiingereza cha pampu, cha bomba na cha presha, lakini sikuwa na Kiingereza cha kumweleza mwanamke nisiyemjua wa Ulaya kwamba mji unashangilia ushuzi wangu. Nilisema ni mambo ya hapa. Akaniambia nijifiche chini ya kitanda. Nikamwambia chini ya kitanda kuna mtu. Simu ikakatika.

Uamuzi ulikuja baada ya siku chache: madai yangu yamekataliwa. Wakati wa mazungumzo, afisa wao, yaani yule mwanamke, alisikia kwa masikio yake mapigano makali ndani ya hospitali, na kwa hiyo ugonjwa wangu umetokea vitani. Risasi za kweli, zile za ng'ambo ya mto, hazikusikiwa na bima yoyote, maana simu ilikuwa imezimwa. Nilikasirika hata mshono ukanivuta, nikampigia, na nikafafanua. Nilimweleza kila kitu, daktari, uji, rozari na bakuli, na ile sauti yenyewe nikaiita kwa jina lake.

Kisha nikasikia mtu anacheka hali amefunika mdomo, kisha hali hajaufunika. Alicheka mpaka akaomba radhi, akaanza tena. Akasema ataandika upya, na kweli aliandika, na hospitali ikalipwa.

Alinipigia mara ya mwisho miezi miwili baadaye, akiwa na furaha. Uwanja umefunguliwa, akasema, majeshi yanasalimiana. Ndege itanichukua Alhamisi kwenda Nairobi kuchunguzwa mshono, hoteli imo.

"Alhamisi siwezi," nikamwambia. "Niko hospitali."

"Umeugua tena?"

"Hapana. Niko chini ya kitanda."

Nilikuwa kwenye mkeka, napepea mbabula. Muuza chumvi alikuwa juu yangu na mguu uliovunjika, analalamika kwamba lituma yangu ina mabonge, na ilikuwa nayo. Nilimweleza yule mwanamke kwamba ni zamu yangu mpaka Ijumaa na hakuna wa kunipokea, kwa sababu mama anangoja mzigo wa duka. Aliuliza kama huyo mgonjwa ni ndugu yangu. Nikasema ni yule aliyenipigia kura ya kukataa. Hakucheka.

"Hao watu," akauliza, "mnawapata wapi?"

Mama alikuwa amesimama pale mlangoni ameleta mkaa, akataka kujua simu inasema nini. Nikamtafsiria.

"Iko na mutu, ule mama? Akigonjwa?"

Nikauliza.

"Nina bima nzuri sana," sauti ikasema.

Nikatafsiri. Mama aliweka mkaa chini.

"Maskini. Umuambie akuye huku."

Nikamwambia mama yangu anasema uje huku. Hapo akacheka, lakini kidogo tu. Alishukuru. Akasema angependa, ila yeye haruhusiwi, bima yake haifiki Kisangani.