Mtoto Aliyekingama Tumboni

Msinitazame hivyo. Mie si mtu wa hadithi za majini, na haya kama yangemfika mwingine nisingeyasimulia. Yalinifika mimi, nyumbani kwangu Mtoni, mchana kweupe, wakati Mwingereza bado anatawala na Barabara ya Kilwa ni vumbi tupu.

Nilikuwa mkunga. Kazi nilianza kufundishwa na shangazi, kisha nikasomeshwa hospitali ya mjini, nikapewa na kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Mtoni nilikuwa nimehamia mwezi uleule, lakini mikono yangu ilikuwa inajulikana. Watoto waliotanguliza makalio, waliolala ubavu, wengi niliwageuza kabla ya uchungu wakazaliwa kwa kichwa.

Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, akaja mwanamke kijana peke yake, tumbo la mwezi wa tisa. Akaniamkia, nikaitikia, akakaa mkekani kabla sijamkaribisha. Akasema amesikia nina mikono mizuri, nimtazamie mtoto.

Nikampapasa. Kichwa kilikuwa ubavu wa kushoto, makalio kulia, na chini kwenye nyonga hakuna kitu. Mtoto amekingama kama gogo mlangoni. Nikapaka mafuta ya nazi, nikamsukuma taratibu, kichwa kikaja chini vizuri kabisa. Nikaondoa mikono. Akarudi. Nikamgeuza tena, akarudi tena. Mara ya tatu jasho linanitoka, na nakiri nilikasirika, nikamfokea yule mama alegeze tumbo.

"Hata wenzio walishindwa," akasema, wala hakuudhika.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa tumbo lile ni la baridi. Joto la Dar es Salaam la saa saba mchana mnalijua? Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nikaweka kibomba, nikasikiliza. Kimya. Nikakihamisha, kimya vilevile. Na mtoto huyohuyo, niaminini, alikuwa akinipiga mateke kiganjani.

Nikadhani masikio yangu ndiyo mabovu. Nikamwambia mtoto aliyelala hivi hapiti, lazima twende hospitali wakamtoe kwa kupasua, leo hii, kabla uchungu haujaanza.

"Mama mkwe amesema tungoje," akajibu.

Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa maneno mengine. Jibu likawa hilohilo, kwa sauti ileile. Mnajua inavyochosha kusema na mtu ambaye ruhusa yake iko kwa mwingine? Nikamuuliza huyo mama mkwe anakaa wapi, akanielekeza nyumba ya pili baada ya kisima. Nikamwambia alale palepale asiinuke, nikatoka na hasira zangu juani.

Nilimkuta bibi mmoja anapepeta mchele. Hata shikamoo sikumpa, Mungu anisamehe. Nikamwambia mkaza mwanawe yuko kwangu, mtoto amekingama, na yeye anangoja nini, amzike?

Bibi akaweka ungo chini.

"Nilikwisha kumzika," akasema. "Nilisema tumngoje mumewe arudi kutoka mashamba ya mkonge, ndiye wa kutoa ruhusa. Mkono wa mtoto ukatoka. Nikasema kichwa kitafuata. Mwanangu, kila mkunga anayehamia huku huja kunigombeza. Wewe ni wa saba. Nigombeze tu."

Sikuweza. Nilirudi mbio. Mkekani hapakuwa na mtu. Jirani yangu, aliyekuwa akisuka ukili barazani kwake, akaniuliza kwa nini nilikuwa nikiusugua mkeka kwa mafuta na kuufokea.

Tangu siku ile, nikimshika mama ambaye mtoto wake amekaa vibaya, mikono yangu hufa ganzi hadi viwikoni. Kugeuza siwezi tena. Kazi yangu ikawa kupapasa na kusema: hospitali. Watu wakanicheka, mkunga gani asiyezalisha? Waliokwenda, wengi walirudi na watoto wao. Wengine walisema subiri kwanza tushauriane, na wawili katika hao nilikwenda kuwazika.

Na kinachoniudhi mpaka leo, sasa ni mzee sina meno, ni kwamba nikisimulia kisa hiki watu huniuliza alivaa nini, miguu yake ilikuwaje, alitokea njia gani. Hakuna anayeniuliza habari ya mtoto. Basi sikilizeni, na wewe mwenye mkaza mwana zaidi. Mkunga akikwambia mtoto amekingama, usimtafute mume, usimtafute mganga, usiseme kesho. Tafuta gari. Na mkono ukitangulia, usiuvute, wala usikae ukitumaini kichwa kinafuata. Hakifuati.