Ngazi Nyeupe za Tavon

Binamu yangu Tavon siku hizi hatulii hata akila. Amekarabati nyumba hapa mtaani kwetu Baltimore kwa mkopo, na asipoiuza mwezi huu benki inaibeba. Bei kaweka dola laki tatu na elfu kumi, kwa sababu nyumba ya jirani iliuzwa bei hiyohiyo. Lakini wateja wanafika mlangoni, wanatazama chini, wanaondoka.

"Mbona wanakimbia?" akamfokea Bi Earlene, jirani yetu, utadhani kawafukuza yeye.

"Usinipigie kelele, mjinga wewe! Umeng'oa ngazi za marumaru za mlangoni, fahari ya mji huu, ukamwaga zege. Nyumba umeivisha suti na ndala. Punguza elfu arobaini."

"Nikipunguza nimekwisha, mama!"

"Basi njoo uzichukue uani kwangu. Nilizizoa siku ulipozitupa."

Tulizibeba na kuzirudisha mlangoni huku tunatukanana, mgongo unaniuma mpaka leo. Jumamosi Tavon alikuwa kapiga magoti anazisugua kwa brashi, kama mama zetu walivyofanya, Bi Earlene kamsimamia: "Pembeni bado, mvivu!"

Mwanamke mmoja akasimama. "Hizi ndizo zenyewe za zamani?"

Tavon hakuinua kichwa. "Ndizo. Laki tatu na kumi. Na usizikanyage, bado hazijakauka."