Hilkka, mwanamke anayesema "bado" ziwa lisipogeuka

Kwiii-go. Kwiii-go.

Saa moja asubuhi. Ukungu umelala juu ya Ziwa Pielinen na hakuna kinachoonekana, si maji, si kisiwa, si hata ncha ya gati. Kinachosikika ni makasia yakilalamika kwenye vishikizo vyake. Yananyamaza. Kisha kitu kizito kinatumbukia: chubwi!

Ukungu unapochanika, anaonekana mwanamke mwenye kofia ya sufu, amepiga magoti ndani ya mashua ya mbao, anateremsha kamba majini. Mwisho wa kamba kuna kipimajoto kilichofungwa jiwe. Kila mita tano kuna fundo jekundu, na kila fundo linapogusa maji anaacha kushusha, anangoja dakika mbili, anavuta, anasoma, anaandika kwa penseli, anashusha tena.

"Juu nyuzi tisa," anasema bila kuinua kichwa. "Mita kumi, tisa. Mita thelathini, saba. Bado. Ziwa halijamaliza kujigeuza."

Huyu ni Hilkka Turpeinen, miaka hamsini na saba, mvuvi wa kijiji cha Koivuranta. Kuanzia majani ya miti yanapogeuka manjano hadi barafu inapofunga maji, watu wa upande huu wa ziwa huongeza sauti ya redio kila Alhamisi asubuhi wamsikie akitoa hali ya maji: ziwa lenyewe, mito miwili inayoliingia, na maziwa madogo ya msituni. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa. Malipo yake ni kilo mbili za kahawa kila Krismasi. Kinachomlisha ni nyavu.

Majira ya joto, maji ya ziwa hulala kwa matabaka, ya vuguvugu juu, ya baridi chini. Vuli ikiingia, ya juu hupoa na kuzama, ziwa zima likachanganyika mpaka baridi ikawa moja toka juu hadi chini. Baada ya hapo muikku, samaki mdogo wa rangi ya fedha, hupanda kutoka vilindini kwenda kutaga kwenye changarawe. Mayai yake yana rangi ya chungwa na hugombaniwa mezani. Wavuvi wa Koivuranta hupata theluthi ya kipato chao cha mwaka katika siku hizo chache.

"Ukiwahi, mayai ni machanga, ni kama uji," anasema Hilkka. "Ukichelewa, yameshatagwa. Katikati hapo una siku kumi. Siku kumi, basi."

Mwaka jana alikosea, tena kosa la uvivu. Goti lilikuwa likimuuma, hivyo badala ya kupiga makasia hadi kilindini alipima kwenye gati lake mwenyewe. Kando ya gati hilo kuna kijito kitokacho kinamasini, na usiku wa vuli maji yake huwa karibu na kuganda. Kipimajoto kikasema nyuzi tano. Naye akasema redioni: tupeni nyavu.

Mashua kumi na moja zilitoka jioni ile ile.

Katikati ya ziwa maji yalikuwa bado nyuzi tisa. Nyavu zilirudi zimevaa utelezi wa kijani, ule unaoota majini kabla hayajapoa sawasawa. Wavuvi walikaa siku tisa wakizisugua na kuzianika. Katika siku hizo hizo muikku walikuja, wakataga, wakaondoka.

"Nilikaa wiki mbili siendi dukani," anakumbuka. "Mume wangu, Reijo, ndiye aliyenunua maziwa. Nilimwambia naumwa. Na kweli nilikuwa naumwa. Aibu inauma."

Tangu hapo wamempa jina: Nabii wa Gatini. Wanalisema wakicheka, lakini kicheko chenyewe kina miiba.

Saa nne asubuhi, jina hilo linamsubiri kwenye meza ya kahawa ya duka la kijiji. Anayelitamka ni Taisto Kärki, jirani yake, miaka sitini na sita. Hakuna aliyesugua nyavu nyingi kumshinda yeye.

"Nabii, habari za gatini?"

"Sijui, Taisto. Siku hizi nahamia vilindini."

"Leo ndoo yangu ya uani imefunga barafu. Barafu, Hilkka! Unangoja nini tena, barua kutoka kwa samaki?"

"Ndoo yako ina lita kumi. Mbwa wako akiwa na kiu anaimaliza. Ziwa hili lina mita sitini kwenda chini."

Mwenye duka anacheka mpaka kahawa inamwagika. Taisto hacheki.

"Nyavu zangu ziko tayari, jirani. Mwaka jana ulituharakisha, tukaumia. Mwaka huu ukituchelewesha tutaumia vilevile. Kuna watu hapa hawawezi kuumia mara mbili."

Hilkka anaweka kikombe chini. "Nikikosea tena, redio watafute mtu mwingine. Daftari nitalifunga mwenyewe."

Kesho yake, Alhamisi, sauti yake inasikika redioni majikoni. Mito imejaa mvua na maji yake yana rangi ya chai. Trauti wanapanda kutaga, waacheni, sheria inawalinda. Maziwa ya msituni, sangara wamejikusanya kwenye kina, vueni mchana. "Pielinen, muikku: bado. Narudia, bado."

Anayerudi na mashua nzito husifiwa na kila mtu. Nani humsifu anayesema "bado" mbele ya watu kumi na mmoja walioshika nyavu mkononi?

Wiki hiyo Hilkka anakwenda kilindini mara tatu. Jioni Reijo humpaka dawa ya goti.

"Kesho pumzika, mama, niende mimi."

"Utasoma namba gani wewe, miwani yenyewe umeikalia juzi?"

Siku ya Jumamosi anapita karibu na kwa Taisto. Nyuma ya chumba cha mvuke, mahali ambapo wapita njia hawatazami, kuna wavu mmoja umeanikwa. Ni wa kijani kuanzia juu hadi chini. Taisto yupo pembeni na brashi.

"Unafua, Taisto?"

"Nafua."

"Jua zuri leo."

"Jua zuri," anasema Taisto, na shingo yake inageuka nyekundu.

Siku mbili upepo unavuma kutoka kaskazini, ziwa linanguruma. Jumatano unatulia. Hilkka anashusha kamba. Juu nyuzi sita. Mita kumi, sita. Mita thelathini, sita. Hatosheki. Anavuta wavu mdogo wa majaribio aliouacha kwenye changarawe kabla ya upepo, anachagua muikku jike, anambonyeza tumbo kwa kidole gumba.

Mayai yanadondoka kiganjani moja moja, mviringo, yakiteleza kama shanga. Wiki iliyopita yalitoka kwa kubanwa, yameshikana. Hilkka anayatazama kwa muda mrefu, halafu anayalamba.

Hangoji Alhamisi. Anapiga simu redioni akiwa bado ndani ya mashua.

"Ziwa limegeuka. Nyavu leo jioni."

Kunapopambazuka, mashua kumi na moja zinarudi zimekaa chini majini. Sanduku la kilo ishirini lililotoa kikombe kimoja cha mayai mwaka jana, sasa linajaza bakuli. Kwenye gati la kijiji muikku wanakaangwa kwa siagi, na mayai yanapakwa juu ya mkate mweusi pamoja na kitunguu na malai. Wanakula wamesimama, wameupa upepo mgongo, wakipigana vikumbo. Reijo amejaa magamba hadi kwenye nyusi.

Taisto anakuja na kipande cha mkate, rangi ya chungwa imerundikwa juu yake.

"Kula, Hilkka."

Hakusema Nabii. Hilkka anauma mkate.

"Nikwambie kitu," Taisto anasema. "Kukosea hakukuniuma. Mimi mwenyewe mwaka huu niliwahi kutupa wavu, umeniona na brashi. Kilichoniuma ni kwamba ulikosea ukajificha. Siku tisa nasugua, mlango wako umefungwa, mapazia yameshushwa. Kama umekufa vile."

Hilkka anaacha kutafuna. Watu wanapita na masanduku, mtu anaimba vibaya. Mpango wake, amekwisha kumwambia Reijo, ni kupima sehemu tatu vuli ijayo, pamoja na pale mito inapoingia. Lakini sicho anachomjibu jirani yake.

"Vuli ijayo nitasema siku ile ile nitakayojua, si kabla, hata mkinipigia kelele," anasema. "Na nikikosea, Taisto, hutaliona pazia limeshushwa. Nitapiga makasia mpaka kwako, nikwambie usoni kabla redio haijasema, kisha nikae nisugue nyavu nawe mpaka ule wa mwisho. Nakuahidi."