Nywele za Mdoli

"Toa ulimi," mwalimu aliniambia, nikautoa. Ulikuwa mweusi. Akanishika kidevu, akanigeuza kwa memsab, bibi ya meneja wa shamba la chai, halafu kwa watoto wote wa nasari, polepole, ili hata wa nyuma waone.

"Mwizi ndiye huyu. Ameila."

Mtoto mmoja wa kambi yetu ya wachuma chai akapiga kelele: "Amekula nywele za mdoli!" Wote wakaangua kicheko. Hata memsab alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kukasirika.

Kilichopotea kilikuwa krayoni moja, ile nyeusi ya kupaka nywele za mdoli.

Siku hiyo memsab alituletea karatasi za kupaka rangi. Mdoli alimchora mwenyewe, gauni la kupepea na viatu vya kamba, na karani akazitoa nyingi kwa mashine ya saiklostaili kule ofisi ya kiwanda. Zilinuka wino. Mdoli wa jirani yangu alikosa mguu kwa sababu wino haukushika, lakini wangu alikuwa mzima. Sisi tuliozoea kubeba gunzi la mahindi mgongoni na kuliita mtoto, tulishika zile karatasi kama mayai.

Tena kulikuwa na ahadi: mtoto mwenye adabu, memsab angemlipia karo mpaka darasa la nane. Kwa hiyo mama aliniosha mpaka nyuma ya masikio kabla aende kuchuma majani. Naye kogo, nyanya yangu, akanimiminia mursik ya chini kabisa ya kibuyu, ile maziwa lala iliyojaa unga wa makaa tunayosugulia kibuyu ndani. Ya chini ndiyo tamu.

"Kunywa, mama, upate nguvu ya kushika hiyo rangi," akasema.

Kila Mkipsigis anajua mursik ya chini inaacha ulimi vipi. Na mwalimu alikuwa Mkipsigis. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anapitia kwetu, anaketi kwenye kiti cha baba, anamaliza kikombe na kushukuru, "Kongoi, mama. Ongeza kidogo." Kisha anapangusa midomo na kitambaa, na kitambaa kinabaki na weusi. Nimekiona na macho yangu.

Mama aliitwa kutoka shambani. Alikuja na kikapu mgongoni, akaangalia ulimi wangu. Nikaona amejua. Nikangoja aseme.

"Pole sana, memsab." Akamgeukia mwalimu. "Pole, madam. Nitamchapa."

Akaanza hapo hapo, na mkono unaonuka majani mabichi.

Jioni nilimuuliza kwa nini. "Ulitaka niseme nini? Nimwambie yule mama kwamba sisi tunakunywa makaa?"

Basi jina langu likatolewa kwenye orodha ya memsab. Mama alijikokota na karo mpaka darasa la tatu, akashindwa, nami nikavaa kikapu. Jirani yangu, yule wa mdoli wa mguu mmoja, aliniambia kwamba krayoni ilipatikana wiki iliyofuata. Alikuwa anafagia, akaiona imeingia kwenye ufa chini ya meza ya mwalimu. Mwalimu aliitia mfukoni. "Yameisha hayo. Usiende kusemasema."

Yaliisha kwake. Mimi mpaka leo, kwenye mizani ya majani, kuna wanawake wazima wananiita Nywele-za-Mdoli. Na kuna jambo baya kuliko hilo. Wakati wa kuposwa kwa binti yangu, wakwe walikuja na kibuyu cha mursik, nikaziba mdomo na leso nikaomba soda. Mzee mmoja akakifunika kibuyu. Kogo alinilea na kile kitu, na mimi nikakikataa mbele ya watu kama uchafu, kwa kuogopa ulimi wangu.

Mama amezikwa, simdai. Memsab alirudi kwao. Lakini mwalimu yuko. Amestaafu, anakaa benchi ya mbele kanisani na anaombea watoto wa watu.

Madam, ulijua. Ulijua ukiwa umenishika kidevu, na bado ulinigeuza. Sitaki uniombee. Nataka Jumapili hii, ibada ikiisha, nilete kibuyu chetu, unywe ya chini mbele ya kanisa lote, halafu utoe ulimi. Watu wakishaona, uwaambie ni kwa nini ulinyamaza.