Kifuniko cha Besi Ndani ya Sahani

Gitaa la besi lilitufikia kwa treni kutoka kusini, limeviringishwa katika blanketi la kijivu, na sisi wa orkestra tulikwenda kulipokea steshenini tumevaa tai. Nimeona maofisa waliopokewa kwa shangwe ndogo kuliko ile. Hiyo ilikuwa Elisabethville, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa kijana niliyetoka shule ya sekondari na kuangukia katika ghala la reli: siku za kazi nilibandika nambari kwenye masanduku, Jumapili nilipiga muziki. Tangu hapo nimehamahama sana, na hata sasa, miaka arobaini na kitu baadaye, bado sijui kukaa mahali. Lakini popote ninaposikia besi ikinguruma nyuma ya ukuta, miguu yangu inarudi yenyewe kwenye mtaa wetu wa mjini ule ule, ulioitwa Kenya, katika vumbi jekundu la alasiri.

Shefu wetu, yaani kiongozi wa orkestra, alikuwa fundi cherehani mnene aliyepiga gitaa la solo. Gitaa la besi lilikuwa mali yake, akanikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa na vidole virefu na sikuwa na mke wa kunikataza mazoezi. Mbao zake zilikuwa za rangi ya asali iliyoungua. Juu ya mbao hizo vilikaa vifuniko viwili vya chuma, vyeupe, vinang'aa kama maji. Kimoja kilikuwa katikati, kimeziba sumaku zinazonasa sauti. Cha pili, kikubwa zaidi, kilikuwa nyuma, kimeficha daraja ambapo nyuzi zinafungwa. Chini ya hicho cha nyuma kulikuwa na kipande cha sponji kilichokandamiza nyuzi, kwa hiyo kila sauti ilitoka fupi: du. Du. Kama kisigino cha mama anayecheza kwenye sakafu ya udongo.

Sauti tuliipenda. Ila akina mama walipenda vifuniko.

Baa tuliyopigia kila Jumapili haikuwa na kioo hata kimoja. Walikuja wamevaa vitenge vya sare, vitambaa vimefungwa kichwani kama minara, na baada ya wimbo mmoja minara yote ilikuwa imepinda. Basi walipozunguka katika dansi na kunifikia, waliinama kidogo mbele ya tumbo langu, wakajiangalia katika kifuniko cha nyuma, wakaweka kitambaa sawa, wakaendelea. Baada ya muda ikawa foleni.

"We, kijana, usitikisike!" aliniambia mama mmoja. "Kitambaa yangu inapinda."

"Mama, miye minapiga muziki. Mitaacha kutikisika namna gani?"

"Piga na vidole. Tumbo ikae kimya."

Shefu alikasirika. Alikuwa akipiga solo zake kwa macho yaliyofumbwa, na kila alipoyafumbua alikuta migongo tu. "Bantu banakuya kusikiliza gitaa ao banakuya kujiangalia?" alinung'unika, maana kwetu bantu ni watu tu. "Hii iko orkestre ao saloni?"

Katika foleni ile alikuwamo msichana mmoja kutoka Lukafu. Alikuja mjini kiangazi kukaa kwa shangazi yake, muuza samaki wakavu wa sokoni kwetu, na mvua za kwanza zikikaribia angerudi kulima. Wengine walijiangalia kitambaa. Yeye alitoa ulimi, akakagua meno, akakunja pua, akajicheka, kisha akaondoka bila kuniangalia mimi hata kidogo. Kifuniko kile kilikuwa kimepinda, kwa hiyo mimi niliyekuwa juu nilimwona ana paji la uso kama boga. Nilipenda hata lile boga.

Jumapili moja nilithubutu. "Dada, uso yako unaijua sasa. Yangu je?"

Akainua macho. "Yako naionaka mule ndani ya kifuniko. Iko na pua kubwa sana."

"Pua kubwa inaweza kutuma sahani kwa shangazi yako?"

Hapa inafaa nieleze. Kwetu kijana hasemi maneno ya ndoa kwa mdomo wake. Anatafuta mjumbe, mtu mwenye heshima, na mjumbe anapeleka sahani mbili za bati, moja imefunika nyingine, zimefungwa kitambaa cheupe, ndani mna kitu kidogo cha thamani. Sahani ikirudi tupu, wamekubali, mazungumzo yaanze. Ikirudi na kile kitu, basi, shukuru Mungu na utafute mahali pengine.

Msichana alinyoosha kitambaa chake polepole. "Tuma. Lakini usiweke bangili. Bangili kila muntu anaweka. Weka hii kioo." Akagonga kifuniko kwa ukucha. "Kule Lukafu nitajiangalia wapi, mu mutoni na bata?"

Nilitaka kurukaruka, na nyuzi nilikuwa nazo mkononi, basi nikarukia wimbo. Nilipiga vibaya kabisa. Hakuna aliyejali.

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kioo. Nilipopita sokoni kumsalimia, alinipima kuanzia viatu. "Nasikia maneno," alisema. "Sikia na weye. Mu sahani ya kwetu munaingiaka shaba. Bibi yangu alipewa shaba, miye nilipewa shaba. Mukiniletea chuma ya bazungu, itarudia mbio kuliko treni. Na siku ya kwanza ya juma tunapanda kamio, tunaenda Lukafu."

Mwenyewe anataka kioo, shangazi anataka shaba, na lori linaondoka Jumatatu. Nilikwenda kwa Shefu, kwa sababu mjumbe niliyemtaka alikuwa yeye, na kifuniko kilikuwa chake.

Alisimamisha cherehani. "Ngoja nisikie vizuri. Unaomba kifuniko ya gitaa yangu. Na unaomba miye mwenyewe niipeleke."

"Ndiyo, Shefu."

"Utavulisha gitaa yangu chupi mbele ya bantu!"

"Shefu, ukiitoa, bamama batakuangalia weye."

Akasokota masharubu. Kisha akaniletea turnevisi mwenyewe, akafungua skurubu kwa mkono wake, akiimba.

Jumamosi asubuhi nilimwachia kifuniko yaya wangu, dada yangu mkubwa niliyekaa kwake, nikamwambia akipanguse vizuri, kinakwenda kwenye sahani. Nikaenda kazini. Sasa, yaya alilelewa na bibi yetu upande wa Kinsevere, na pale kitu cha kuingia kwenye sahani kinasuguliwa namna moja tu: majivu, ndimu, mchanga wa mtoni, na nyimbo. Hakuna aliyemwambia kuwa nikeli, ule weupe uliopakwa juu tu, si bangili ya bibi. Nilirudi adhuhuri nikamkuta amekaa uani, miguu imenyooka, jasho linamtiririka, anasugua huku akiimba ubeti wa harusi.

"Yaya! Unafanya nini?"

"Nasafisha. Hii kitu ilikuwa na uchafu nyeupe, inashikamana kama ugali mu sufuria. Lakini nimeishinda. Angalia!"

Niliangalia. Kando kando kulikuwa bado kweupe. Katikati kulikuwa na doa kubwa, jekundu kama jua la Septemba. Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Kioo cha msichana kilikuwa kimekufa, na Shefu alikuwa anaingia langoni amevaa suti ya ujumbe.

Shefu alikichukua kifuniko, akakigeuza, akakinusa, akakilamba. Naapa alikilamba. Kisha akaanza kucheka, tumbo likaanza kwanza, mabega yakafuata.

"Shaba!" alipiga kelele. "Ndani iko shaba! Tulichimba shiye, bakapeleka kule kwabo, bakaivalisha kanzu nyeupe, na njo hii inaturudilia kama mugeni! Yaya, umevua mugeni kanzu, tumekuta ni ndugu yetu!"

Yaya, ambaye hakuelewa kosa lake wala ushindi wake, alipiga vigelegele. Majirani wakaja. Kifuniko kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akijiangalia pembeni kwenye weupe na kugusa wekundu wa katikati. Tulikifunga ndani ya sahani, Shefu akaondoka, na hakurudi na jibu. "Shangazi anasema jibu ataleta yeye," alisema tu.

Jumapili nilipiga gitaa lisilo na kifuniko cha nyuma. Sponji lilikuwa limeng'oka pamoja nacho, na sauti, badala ya kukatika, ikawa ndefu: duuuu, ikapita chini ya meza, ikatikisa chupa. Watu walipiga mayowe. Shefu alipata macho ya akina mama wote, akakosea noti kwa furaha. Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni.

Shangazi aliingia katikati ya wimbo, sahani kichwani, akicheza, hashiki kitu. Alizunguka baa nzima. Alijua kabisa anachonifanyia. Mwishowe akaziweka zile sahani juu ya ampli yangu, sanduku la kukuza sauti, akafungua kitambaa cheupe, akarudi nyuma, mikono kiunoni.

"Usiache kupiga!" aliniamuru. "Wimbo haiyaisha."

Sikuweza kugusa. Lakini ampli ilikuwa inatetemeka, na sahani juu yake zilikuwa zinalia che-che-che. Nikasikiliza. Kama kifuniko kingekuwamo ndani, kingegonga bati kwa sauti nzito. Nikapiga uzi mnene kabisa, kwa nguvu zote. Che-che-che. Nikapiga tena. Sahani ya juu ilianza kutembea, ikafika ukingoni, ikasita pale kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Baa nzima ilikuwa imeacha kucheza. Nikapiga mara moja zaidi, ikaanguka, ikazunguka sakafuni kwa kelele zake zote.

Sahani ya chini ilikuwa tupu.

Nyuma ya shangazi, karibu na mlango, msichana wa Lukafu alikuwa ameinua kifuniko usawa wa uso, ametoa ulimi, anakagua meno yake.

"Naonekana mwekundu!" alipaza sauti. "Na pua kubwa nayo iko huku nyuma, inalia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nacheka, na tumbo langu lilikuwa linatikisika vibaya sana, na safari hii hakuna mama aliyeniambia likae kimya.